Watugen Walipungua Vipi Bila Mtu Kufa? Swali Moja la Sensa na Majina Yanayomezwa

Kama ulikuwa Nairobi Jumamosi ya Agosti 24, 2019, unaikumbuka. Baa zilifungwa saa kumi na moja jioni kwa amri ya serikali, watu wakaingia keja mapema kama kuna kafyu, na kila mtu akawa anangoja kuhesabiwa. Kwetu Umoja, afisa wa sensa alibisha hodi karibu saa nne usiku. Dada mpole, jaketi ya kung'aa, tableti mkononi. Mathe akamvutia kiti na kumwekea chai.

Maswali yakaanza. Nani amelala hapa leo, ana miaka mingapi, amesoma hadi wapi, maji mnatoa wapi. Halafu likaja lile: "Kabila?" Buda akajibu bila hata kugeuza kichwa, "Kalenjin." Dada akabonyeza, akaendelea.

Kogo, yaani mama yake buda, alikuwa kwetu wiki hiyo. Alikuwa amekuja kutoka Kabartonjo kuonwa macho, na kwa kuwa sensa inakuhesabu mahali ulipolala, akahesabiwa Umoja. Zamu yake ilipofika, buda akamjibia: "Kalenjin." Dada akamaliza chai, akashukuru, akaenda kwa jirani.

Mlango ulipofungwa, Kogo akauliza, "Umemwambia sisi ni nani?"

"Si nimesema Wakalenjin, Mama."

Kogo akanyamaza kidogo. "Hao ni wa redio. Mimi ni Mtugen."

Sisi watoto tulicheka mpaka mathe akatunyamazisha. Mimi nilidhani ni uzee tu. Miaka kadhaa baadaye nilikuja kusoma majedwali ya sensa za Kenya, na wasee, nikaacha kucheka.

Hesabu isiyoingia akilini

Angalia hii. Sensa ya 1969 ilihesabu Watugen 130,249. Sensa ya 2009 ikahesabu Watugen 109,906.

Rudia kusoma. Miaka 40, na Watugen wamepungua zaidi ya elfu ishirini. Katika kipindi hicho hicho, Kenya nzima ilitoka watu milioni 10.9 ikafika milioni 38.6, yaani mara tatu na nusu. Watugen wangeenda tu na mwendo wa nchi, wangekuwa karibu 460,000. Na usiniambie labda walihama. Kaunti ya Baringo, nyumbani kwa Watugen, ilikuwa na watu 555,561 mwaka huo wa 2009. Wapo Wapokot pale, wapo Wailchamus, lakini yeyote aliyewahi kushuka Kabarnet siku ya soko anajua hao watu hawakuwa 109,906.

Hakukuwa na vita vilivyowamaliza, wala tauni. Hakuna kaburi la Watugen 350,000. Walikuwepo, walilala nyumbani, walihesabiwa. Walihesabiwa tu kwa jina lingine.

Ili uelewe ilivyotokea, lazima ujue swali la kabila hufanya kazi vipi. Kwa nje linaonekana swali wazi, sema chochote unachotaka. Kwa ndani kuna orodha, na kila jina kwenye orodha lina nambari yake. Afisa anatafuta jina linalofanana na jibu lako, anaweka nambari. Kama jina lako halipo, unawekwa kwa jina kubwa lililo karibu nawe, au unatupwa kwenye "wengineo". Kama jina lako lipo lakini umetaja lile kubwa, kama buda wangu, unabaki kwenye kubwa. Jedwali la 2009 lilikuwa na mstari wao kabisa: waliosema "Mkalenjin", wakaishia hapo.

Kwa hivyo idadi ya kabila inategemea mambo matatu: swali limeulizwaje, orodha ina majina gani, na nani amejibu kwa niaba ya nani. Badilisha moja kati ya hayo matatu, na kabila linakua au linanyauka bila mtoto hata mmoja kuzaliwa.

"Hao ni wa redio"

Kogo hakuwa anaropoka. Jina Kalenjin kweli lina redio ndani yake.

Hadi miaka ya 1930, hakukuwa na watu waliojiita Wakalenjin. Kulikuwa na Wakipsigis, Wanandi, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet, Wapokot, Wasabaot. Lugha zao ni ndugu, mila zao zinafanana, lakini kila mmoja na jina lake. Wazungu wa serikali waliwaita kwa ujumla "wanaozungumza Kinandi", na unaweza kuwazia Mkipsigis alivyofurahia kuitwa hivyo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtangazaji John Chemallan alikuwa akisoma habari redioni, na neno lake la kuvuta masikio lilitoka kwenye mzizi huo wa "kalenjin", yaani "nakuambia". Miaka hiyo hiyo ya 1940, vijana wachache kutoka jamii hizi waliokuwa Shule ya Upili ya Alliance walijikuta ni wachache sana mbele ya wenzao wa makabila makubwa. Wakahitaji jina moja la kuwaunganisha. Wakalichukua hilo. Baadaye likaingia kwenye vyama, na kufikia 1960 kulikuwa na Kalenjin Political Alliance, moja ya vyama vilivyoungana kuunda KADU.

Kwa hivyo jina hili lilianzishwa na vijana wa umri wenu, kwa sababu ya maana kabisa: mdogo akiwa peke yake hasikiki. Na sio Wakalenjin pekee. Jina Luhya nalo lilipata nguvu miaka ya 1930 na 1940, likiunganisha Wabukusu, Wamaragoli, Wanyore, Waisukha na wengine. Sensa ya 1948, ya kwanza ya kuhesabu watu wote Kenya, ilikuta zaidi ya watu 650,000 chini ya jina hilo, jina ambalo babu zao wengi hawakulijua. Mijikenda ni hivyo hivyo: makundi tisa, Wagiriama, Wadigo, Waduruma na wenzao, wakakataa kuitwa "Wanyika" na kujipa jina la heshima.

Nasema haya mapema ili usidhani nadai jina dogo ni la kweli na kubwa ni la uongo. Yote yametengenezwa na watu, kwa sababu zao. Ninachouliza ni nani anachagua lipi liandikwe, na anachagua lini.

1969 kwenda 1979

Sensa ya 1969 iliwaandika hivi: Wakipsigis 471,459. Wanandi 261,969. Watugen 130,249. Wakeiyo, walioandikwa Elgeyo, 110,908. Wapokot 93,437. Wamarakwet 79,713. Wasabaot 42,468.

Sasa angalia mchezo. Kwenye jedwali hilo, Wakipsigis walikuwa nambari nane nchini. Ukijumlisha hao saba unapata 1,190,203, na ghafla una kabila la tano, nyuma ya Wakamba kwa watu 7,509 tu. Wakati huo huo Waluhya na Mijikenda walikuwa tayari wameandikwa kama kitu kimoja. Jedwali moja, kanuni mbili: Mbukusu na Mmaragoli wanajumlishwa, Mkipsigis na Mnandi wanatenganishwa. Halafu watu wanasimama kwenye jukwaa la siasa wakilinganisha nani mkubwa na nani mdogo.

Miaka kumi ikapita. Agosti 1978 Jomo Kenyatta akafa, na Daniel arap Moi, Mtugen wa Baringo, akawa rais. Agosti 1979 ikafanyika sensa. Matokeo yalipotoka, Mtugen hakuwepo. Mkipsigis hakuwepo. Mnandi hakuwepo. Palikuwa na mstari mmoja: Kalenjin, 1,652,243. Sensa ya 1989 ikafuata mtindo ule ule: Kalenjin, 2,458,123.

Yaani miaka yote ambayo Mtugen aliketi Ikulu, majedwali ya kabila yaliyochapishwa hayakuwa na Mtugen hata mmoja. Sisemi kuna mtu aliketi ofisini akapanga njama. Rais aliyetoka kwenye kundi la watu laki moja na kitu alihitaji wenzake, na jina kubwa lilikuwa limeshakomaa. Watu wenyewe walilitumia kwa kujivunia, buda wangu akiwa mmoja wao. Alizaliwa 1971. Amekulia kwenye majedwali hayo. "Kalenjin" ndilo jibu alilofundishwa na nchi yake.

Na ile "makabila 42" tuliyokariri darasani? Orodha ya 1969 ndiyo hutajwa sana kama chanzo chake. Lakini ukiunganisha wale saba kuwa mmoja, kama sensa iliyofuata ilivyofanya, 42 inakuwa 36. Hakuna aliyekuja darasani kutuambia tufute.

Jina dogo nalo hufunika dogo zaidi

Hapa ndipo hadithi inakuwa chungu, na hata Kogo inabidi asikize.

Kando ya Ziwa Bogoria waliishi Waendorois, wafugaji ambao ziwa hilo kwao ni mahali patakatifu. Kuanzia 1973 serikali iliwatoa kwenye ardhi hiyo ili iwe hifadhi ya wanyama. Walihangaika mahakama za hapa wakashindwa, wakapeleka kesi kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Moja ya hoja za serikali ilikuwa hii: hawa si jamii tofauti, ni sehemu tu ya Watugen.

Umeona? Mtugen aliyekuwa amemezwa na Kalenjin kwenye sensa, sasa jina lake linatumika kummeza Mwendorois kwenye kesi ya ardhi.

Tume iliikataa hoja hiyo. Uamuzi wake ulitangazwa Februari 2010, na ulisema Waendorois ni jamii yenye haki zake, na ardhi yao irudishwe. Kwenye kesi walijieleza kuwa watu kama 60,000. Sensa ya 2009, iliyowapa mstari wao chini ya Kalenjin, iliwahesabu 10,132. Sasa wewe jiweke kwenye viatu vya mzee wa Waendorois anayeenda ofisini kudai haki ya watu elfu sitini, na karatasi ya serikali inasema elfu kumi.

Waogiek wa msitu wa Mau wana mtihani kama huo. Mwaka 2009 walihesabiwa 78,691. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika, Arusha, ikaamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafukuza msituni. Ungetarajia sensa inayofuata iwaone vizuri zaidi. Ile ya 2019 ikawahesabu 52,596. Wasengwer wa Embobut walitoka 33,187 wakafika 10,800. Kufukuzwa msituni kunatawanya watu, na mtu aliyetawanyika akiishi katikati ya Wamarakwet au Wanandi, kuna siku atachoka kueleza yeye ni nani. Atasema jina la jirani ili maswali yaishe.

Kupata mstari

Upande wa pili kuna waliopigania mstari wakaupata. Wanubi wa Kibra wako Kenya tangu enzi za mwanzo za ukoloni. Mababu zao waliletwa kama askari wa Waingereza. Kwa miongo mingi walikuwa "wengineo". Mwaka 2009 hatimaye walikuwa na nambari yao, na wakahesabiwa 15,463. Ukikaa Kibra unajua hiyo nambari ilikuwa na maana gani kwa watu ambao kupata kitambulisho tu kulikuwa safari ya kuhojiwa.

Wamakonde wa Kwale nao walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai uraia. Wakatambuliwa, wakaitwa kabila la 43, na sensa ya 2019 ikawahesabu 3,764. Watu 3,764 hawawezi kuamua uchaguzi wowote. Lakini kabla ya mstari huo, mtoto wa Kimakonde alikuwa anamaliza shule na hana karatasi ya kumwonyesha mwajiri.

Kwa nini ikuhusu wewe

Najua kuna mtu anasema, mimi ni wa Nairobi bana, hayo ya kabila ni ya wazee. Sawa. Lakini utaomba kazi.

Sheria ya Utangamano ya 2008 inasema hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasiotoka kwenye jamii kubwa ya kaunti hiyo. Sheria nzuri. Lakini jamii ni ipi?

Chukua Mtugen anayeomba kazi Kericho. Ukihesabu jamii kwa jina Kalenjin, yeye ni wa kundi kubwa la pale, na zile asilimia 30 hazimhusu. Ukihesabu kwa Kipsigis, yeye ni mgeni anayelindwa. Chukua Mmaragoli anayeomba kazi Bungoma kwa Wabukusu, hadithi ni ile ile. Mtu mmoja, cheti kimoja, majibu mawili tofauti. Na kila ofisi inaweza kuchagua hesabu inayoifaa siku hiyo.

Basi tuache kuuliza?

Kuna majirani walioacha. Tanzania iliuliza kabila mara ya mwisho kwenye sensa ya 1967. Rwanda iliuliza 1991, na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 haikuuliza tena, na ukijua kitambulisho chenye kabila kilifanya nini pale kwenye vizuizi vya barabarani, huhitaji maelezo. Sisi wenyewe 1999 tuliuliza, kisha matokeo ya kabila hayakuchapishwa.

Naelewa hoja hiyo, na kuna siku naiamini. Lakini Kenya ikiacha kuuliza leo, Mkikuyu na Mluo hawatapotea. Kila mwanasiasa anajua idadi yao usingizini. Watakaopotea ni Mwendorois, Mwogiek, Mnubi, Mmakonde, watu ambao bila mstari kwenye karatasi hawana pa kuanzia. Na kuuliza kisha kuficha, kama 1999, kunaacha kila mtu atunge idadi yake.

Mimi naomba vitu vitatu kabla ya 2029.

Cha kwanza, swali liwe hatua mbili. "Watu wako wanaitwaje?" Halafu, "Kuna jina kubwa zaidi mnalotumia?" Kogo angejibu Mtugen, kisha Mkalenjin akipenda. Hakuna jina lingemeza lingine.

Cha pili, orodha ichapishwe mapema. Jamii zione majina yao, ziseme hili limekosewa, hili halipo, kabla ya usiku wa kuhesabu.

Cha tatu, mtu aruhusiwe majibu mawili. Mathe ni Mmaragoli. Usiku ule wa 2019 mimi niliandikwa Kalenjin, kwa sababu buda ndiye aliyekuwa anajibu. Nusu yangu iliyofundishwa kula mrenda na kuimba nyimbo za Vihiga haikuulizwa. Umoja wa Mataifa wenyewe unashauri sensa zimwachie mtu ajitaje mwenyewe, na zikubali zaidi ya jina moja. Kwa mtaa kama wetu, ambapo nyumba tatu kwa kumi zina wazazi wa makabila mawili kwa macho yangu tu nikiwa kwenye ngazi, hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Juzi nilimpigia Kogo simu, nikamsomea hizo nambari za 1969 na 2009. Alinyamaza, kisha akauliza kama hiyo 109,906 ilikuwa na yeye ndani. Nikamwambia 2009 sijui alijibiwa na nani. Akasema alikuwa Kabartonjo, na aliyejibu ni mjomba wangu mkubwa. Kisha akauliza kuhusu ile ya 2019, ambapo Watugen walipanda wakafika 197,556.

"Hapo haupo, Kogo. Hapo uko Kalenjin."

Akacheka safari hii. Akasema 2029 atajibu mwenyewe, kwa hivyo tuhakikishe macho na masikio yake yanafika. Nanyi mlio na nyanya nyumbani, mwulizeni leo: sensa iliyopita, aliandikwa nani, na nani alijibu?